Vielekezi havinyooshi bledi: uchambuzi wa kisa cha msumeno wa mkanda, Lamu

Karakana na kazi yake

Karakana hii iko kisiwani Lamu, nyuma ya mji, mahali ambapo mbao hufika kwa punda. Mwenyewe ni fundi wa milango, kazi aliyoipokea kwa baba yake, na ana vijana watatu. Mmoja ni mtoto wa kaka yake, naye ndiye anayeshika mashine. Hapa namwita mwenyewe Fundi, na huyo mtoto wa kakaye namwita Kijana. Jina la karakana, la mteja na kila alama ya kuwatambulisha nimeviondoa, nao wameridhia kisa kiandikwe. Mimi hutengeneza mashine za mbao, na niliitwa baada ya mambo kuharibika.

Kazi ya asili ya karakana ni milango ya kuchonga: mfaa (mwimo wa katikati), vizingiti, fremu na vibao vyake. Miaka ya karibuni imeingia kazi nyingine, ya meza na vichwa vya vitanda vinavyotengenezwa kwa mbao za vyombo vikuukuu. Jahazi au mashua iliyochoka huvunjwa, mbao zake zikauzwa, na wateja huzipendea matundu yake ya misumari na rangi iliyokwisha kuliwa na jua. Sababu ya pili ni upatikanaji. Tangu Februari 2018, serikali iliposimamisha kwa muda ukataji wa miti katika misitu ya umma, mafundi wengi wa pwani wamezoea kutafuta mbao pale zilipo: mwembe wa shambani, mkilifi, na hizo za vyombo.

Mashine yenyewe ni msumeno wa mkanda, yaani wenye bledi iliyoungwa kama mkanda na kuzungushwa na magurudumu, ulionunuliwa ukiwa umeshatumika. Una magurudumu mawili ya chuma yenye kipenyo cha milimita 400, kila moja limevishwa mpira ulioinuka kidogo katikati. Juu ya meza, vielekezi vya ubavuni, vinavyoizuia bledi isiyumbe, ni beringi mbili ndogo. Chini ya meza ni vipande viwili vya chuma. Nyuma ya bledi, juu na chini, kuna beringi ya kupokea msukumo wa mbao. Kwa miaka msumeno huu ulikata miguu ya viti na matao ya milango kwa bledi nyembamba, na hapakuwa na malalamiko.

Oda na mlolongo wa matukio

Nyumba moja ya wageni upande wa Shela iliagiza vichwa vya vitanda na meza. Fundi alikuwa na mbao za jahazi zenye upana wa milimita 200 na unene wa 45. Mpango wake ulikuwa kuzisimamisha kwa ubavu na kuzipasua katikati, kila ubao utoe karatasi mbili (vibao vyembamba) zenye mshono wa mti, yaani mistari yake, unaofanana, kisha azipige randa hadi milimita 18. Mpango ulikuwa mzuri, na mbao zilitosha bila ziada kubwa.

Ubao wa kwanza ulikwenda vizuri kwa urefu wa mkono hivi, halafu bledi ikaanza kuvuta kulia. Kijana aliurudisha ubao kwa nguvu, akamaliza. Karatasi ilipotoka ilikuwa na milimita 22 juu na 15 chini, na katikati imefanya tumbo. Kwa vipimo hivyo, upande wa chini haukubaki na mti wa kutosha hata wa kupiga randa.

Fundi alifikiri hivi: bledi inakwenda kulia, basi izuiwe kulia. Akazibana beringi za ubavuni hadi zikaigusa bledi pande zote mbili. Kwa dakika chache mkato ulionekana umenyooka, na hapo ndipo kosa lilipopata nguvu, kwa sababu dawa ilionekana imefanya kazi. Kisha ikaja harufu ya kuungua. Mgongo wa bledi ukageuka rangi ya kahawia na beringi ya kulia ikaanza kupiga kelele.

Hatua ya pili ilikuwa kuigusa skrubu inayoinamisha gurudumu la juu, mashine ikiwa inazunguka. Walitaka bledi ihame kidogo ikae mahali pengine. Ilihama, ikaja mbele, na meno yakaingia katikati ya beringi zilizobanwa. Meno ya msumeno yamepindishwa, moja kushoto na moja kulia, ili njia ya mkato iwe pana kuliko mwili wa bledi. Yakipita katikati ya beringi mbili zilizobanana, yanalazwa. Bledi ile ilikatika kabla ya adhuhuri.

Wakafunga bledi mpya ya namna ileile, yenye upana wa milimita 13 na meno 6 kwa inchi, wakaipitisha katika vielekezi vilevile bila kuvilegeza. Ikavuta kulia tangu ubao wa kwanza. Ya tatu waliiagiza Mombasa, pana zaidi na nene zaidi, ya milimita 0.9, kwa hoja kwamba bledi nene haiyumbi. Hiyo nayo ilipasuka, na si penye kiungo cha kuchomelea. Ilipasuka penye mabonde ya meno, yaani zile nafasi kati ya jino na jino zinazobeba unga wa mbao kutoka nje.

Mbao nne zilikuwa zimeharibika. Kijana alitaka kujaribu tena kwa kusukuma polepole zaidi. Fundi akakataa: "Mwanangu, mbao hizi hatutazipata tena. Zima." Akaizima mashine, akamwambia mteja ukweli kwamba kazi itachelewa, kisha akanipigia simu. Bado naona uamuzi ule ndio uliookoa oda.

Nilichokikuta

Niliomba kwanza nipewe vitu viwili: bledi zote zilizokatika, na mbao zilizoharibika. Bahati nzuri walikuwa hawajavitupa. Ubao ulioharibika una maandishi yake. Katika ubao wa kwanza, karibu na mahali mkato ulipoanza kupinda, palikuwa na doa la buluu iliyokolea kuelekea weusi, na ndani ya doa kichwa cha msumari wa chuma kilichokatwa nusu, kinang'aa. Msumari wa chombo hupigwa ndani, kichwa kikazamishwa na tundu likazibwa. Baada ya miaka ya kupakwa rangi na mafuta ya sifa (mafuta ya samaki ya kupaka vyombo), macho hayauoni. Unyevu na chuma huutia mti ile rangi nyeusi, lakini ndani, si juu.

Tukaichukua bledi ya kwanza, tukailaza juani, na Kijana akaielekezea kamera ya simu na kuikuza picha. Meno ya kulia yalikuwa na ncha. Ya kushoto, moja baada ya moja, yalikuwa na kibapa kidogo cheupe kilichorudisha mwanga, mahali ambapo ncha ilipaswa kuwa. "Ami, ndoo uone," akamwita Fundi aje atazame. Fundi aliinama, akatazama kwa muda, akapitisha ukucha wake kwenye meno machache. Ukucha ulinasa upande wa kulia na kuteleza upande wa kushoto.

Bledi iliyo kali upande mmoja na butu upande mwingine hukata zaidi pale palipo na ukali, ikajivuta upande huo. Kwa hiyo ile ya kwanza ilivuta kulia kwa sababu msumari ulikuwa umeua meno ya kushoto. Hakuna kielekezi duniani kitakachoyapa meno hayo ncha.

Lakini bledi ya pili ilikuwa mpya, na ilivuta vilevile. Hapo sababu zilikuwa nyingine, na zilikuwa tatu pamoja.

Ya kwanza ilikuwa chini ya meza, mahali ambapo mtu hafiki bila kupiga magoti. Beringi ya nyuma ya chini ilikuwa imeganda kwa kutu. Haizunguki. Kwa kuwa haizunguki, mgongo wa bledi ulikuwa umeichonga mfereji usoni mwake, na kila mbao iliposukumwa, bledi iliingia katika mfereji na kushikwa upande. Vipande vya chuma vya ubavuni navyo vilikuwa vimelika, cha kulia zaidi kuliko cha kushoto, hata bledi ikawa na nafasi ya kulala kulia. Vielekezi vya juu vilikuwa vimebanwa kupita kiasi na vya chini havikuwa vinashika chochote. Bledi iliyoshikwa juu tu hupinda chini, na ndiyo maana karatasi zilikuwa nyembamba upande wa chini.

Ya pili ilikuwa kwenye mpira wa gurudumu la chini. Unga wa mbao za chombo una chumvi na mabaki ya sifa, na ukishindiliwa na bledi juu ya mpira hugeuka gamba gumu. Nilizungusha gurudumu kwa mkono huku kidole kikiwa kwenye mpira, nikahesabu vinundu. Kila kinundu kikipita, bledi inarushwa mbele na nyuma, na mahali pa kukaa panabadilika kila mzunguko.

Ya tatu ni hesabu ya meno. Meno 6 kwa inchi yanafaa kukata umbo katika ubao mwembamba. Ubao uliosimama kwa kimo cha milimita 200 huwa na meno karibu 47 ndani yake kwa wakati mmoja, na mabonde yake ni madogo. Unga unajaa kabla haujatoka upande wa chini, meno yanapoteza njia, bledi inaanza kukunjika ndani ya mti. Tumbo katikati ya mkato chanzo chake ni hapo, na hulizidisha mkazo mdogo wa bledi.

Kuna jambo la nne lililokuwa dogo ila liliongeza madhara: nguzo ya kielekezi cha juu ilikuwa imeachwa kileleni, kielekezi kikiwa juu sana ya ubao. Bledi iliyo wazi kwa urefu mkubwa huyumba zaidi, na ni hatari kwa vidole. Kielekezi kinatakiwa kiushukie ubao hadi kubaki nafasi ya milimita 6 hivi, isizidi 10.

Bledi nene ilikatika kwa nini

Nimelitengea jambo hili sehemu yake kwa sababu nimeona karakana nyingi zikifanya uamuzi huohuo, na kwa akili ya kawaida unaonekana sahihi.

Gurudumu la milimita 400 likizunguka mara 700 kwa dakika, bledi inakwenda mita 880 hivi kwa dakika. Bledi ya urefu wa mita 3.4 hufanya mizunguko karibu 260 katika muda huo. Kila sehemu yake inakunjwa mara mbili kila mzunguko, juu na chini, kisha inanyooka. Ni kukunjwa zaidi ya mara 500 kwa dakika moja. Mzigo wa kukunjwa huongezeka sawasawa na unene: bledi ya 0.9 kwenye gurudumu lilelile hubeba mara moja na nusu ya mzigo unaobebwa na ya 0.6. Kanuni ya zamani ni unene usiozidi sehemu moja ya elfu ya kipenyo cha gurudumu. Kwa magurudumu haya hiyo ni 0.4. Bledi nyingi zinazouzwa kwa mashine za kimo hiki huvuka kanuni kidogo na hudumu vya kutosha, lakini 0.9 ni kuiua kwa makusudi. Nyufa huanzia ndani ya bonde la jino, mahali mzigo unapokusanyika, na ndipo bledi yao ilipopasukia.

Tabu hii ni ya tangu mwanzo wa chombo chenyewe. Mwingereza William Newberry alipata hataza ya msumeno wa mkanda mwaka 1808, na wazo lake halikusonga mbele kwa sababu bledi za wakati ule zilikatika penye kiungo. Ilikuwa hadi mwaka 1846 ndipo Mfaransa Anne Paulin Crepin alipopata hataza ya njia bora ya kuunga ncha zake, na chombo kikaanza kuaminika.

Maamuzi tuliyofanya, na mabishano yake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa kutogusa. Niliweka ubao mnyoofu kutoka gurudumu la juu hadi la chini, bledi ikiwa imekazwa, nikaona kwamba nyuso zake zimepishana kwa milimita moja tu. Fundi aliuliza kama tutasogeza gurudumu la chini ili zilingane kabisa. Nilishauri tuliache. Mashine ilikuwa imefanya kazi kwa miaka katika hali hiyo, na kubadilisha vitu vingi kwa pamoja kungetunyima kujua kipi kimeponya.

Wa pili ulihusu muda. Bledi sahihi ilibidi iungwe Mombasa kwa urefu wa mashine hii, isafiri kwa basi hadi Mokowe, ndipo ivuke kwa boti. Siku hizo Fundi hakutaka vijana wakae bure. Tukachukua ile bledi ya pili, ambayo haikuwa imeharibika sana, na nikagusisha kipande cha jiwe la kunolea kwenye ubavu wake mkali, kwa wepesi, kuupunguza ufanane na upande wa pili. Ni dawa ya muda. Kwa mbao za mwembe zenye kimo cha milimita 60 ilikata sawa. Tulipoijaribu kwenye kipande kibovu cha mbao ya jahazi ilianza kuvuta tena, tukaiacha.

Wa tatu, bledi ipi iagizwe. Tulichagua yenye upana wa milimita 16, unene 0.6, meno 3 kwa inchi yenye mabonde makubwa. Kwenye kimo cha milimita 200 hiyo ni meno 24 hivi ndani ya mti. Bledi zenye meno ya kabaidi, yaliyo magumu kuliko chuma cha kawaida, zingestahimili zaidi, ila kwa mbao zenye misumari niliona ni fedha ya kupoteza kwa jino moja.

Wa nne ulituchelewesha kuliko yote: misumari. Sumaku peke yake haitoshi, kwa sababu haioni msumari wa shaba. Walinunua kitambuzi kidogo cha metali cha kushika mkononi, na kila ubao ukapitiwa nyuso zote mbili, kila mlio ukachorewa duara kwa chaki. Misumari iliyofikika ilitolewa kwa patasi na koleo. Mbao ambazo misumari yake ilikuwa imezama katikati ya mstari wa mkato ziliwekwa kando, zitumike nzima bila kupasuliwa. Hili lilimuuma Fundi, kwa sababu nyingine zilikuwa na mshono mzuri kuliko zote.

Tuliongeza barakoa kwa kila mtu. Rangi za zamani za vyombo huweza kuwa na madini ya risasi, na unga wa mti kama mvule huchoma pua na ngozi.

Kuikalisha bledi upya

Plagi ilichomolewa kwanza, ikawekwa juu ya meza tuione.

Mpira wa chini tuliukwangua kwa kipande cha mti mgumu, si kwa chuma, hadi vinundu vikaisha. Beringi ya nyuma iliyoganda ilibadilishwa. Vipande vya chuma vilivyolika vilipigwa tupa vikanyooka, vikageuzwa. Kisha vielekezi vyote, vya juu na vya chini, vikarudishwa nyuma mbali kabisa na bledi. Hapa Fundi alisita. "Bledi bila kushikwa itakwenda itakako," akasema. Nikamwomba asubiri aone.

Bledi ikavishwa, ikaanza kukazwa. Kipimo kilichoandikwa kwenye springi ya mashine kuukuu sikiamini, springi huchoka. Tuliinua kielekezi cha juu milimita 150 kutoka mezani, tukaisukuma bledi ubavuni kwa kidole kimoja, nguvu ya kawaida. Ilipokuwa inakubali milimita 6 hivi na si zaidi, tukaridhika.

Halafu ndipo skrubu ya kuinamisha gurudumu la juu. Kijana alizungusha gurudumu kwa mkono mmoja na kugusa skrubu kwa mwingine, robo mzunguko kwa wakati, akingoja bledi itulie kabla ya kugusa tena. Kusubiri huko ndiko watu wanakoruka. Bledi haijibu papo hapo, inahitaji mizunguko kadhaa. Kwa mpira ulioinuka katikati, tulilenga mabonde ya meno yakae juu ya kile kilele cha mpira. Kwa penseli nilichora mstari kwenye mpira karibu na mgongo wa bledi. Milango ya mashine ikafungwa, tukawasha na kuzima mara moja. Tukafungua, tukatazama: mgongo ulikuwa palepale penye mstari. Tukawasha tena kwa muda mrefu zaidi, tukazima, tukafungua. Palepale. Vielekezi vyote vilikuwa mbali, havigusi kitu. Fundi alinyamaza, akaifunga skrubu kwa nati yake mwenyewe.

Vielekezi vilirudi mwisho. Beringi za ubavuni tulizisogeza mbele hadi zikabaki milimita moja au mbili nyuma ya mabonde, ili hata bledi ikisukumwa nyuma meno yasiguse chuma. Nafasi ya ubavuni tuliipima kwa karatasi ya daftari la shule, ambayo ina unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita hivi: karatasi upande huu, karatasi upande huu, beringi zikasogezwa zikaigusa, zikafungwa, karatasi zikavutwa. Beringi ya nyuma ikaachiwa nafasi ya nusu milimita. Mashine ikizunguka bure, beringi hiyo haitakiwi kuzunguka, izunguke ubao unapoanza kusukuma. Kisha tukapiga magoti, tukafanya yaleyale chini.

Nguzo ya kielekezi cha juu ilituonyesha kasoro nyingine. Ukiishusha, nafasi ya upande wa kulia inapungua. Haiendi sambamba na bledi. Hatukuwa na njia ya kuinyoosha siku ile, tukakubaliana kwamba nafasi za karatasi zipimwe upya kila kimo cha ubao kinapobadilika.

Mwisho, meza ilipimwa kwa skwea dhidi ya bledi, na tukakata ubao wa majaribio wenye mstari wa penseli kwa mkono, bila fensi (ukingo wa kuegemeza ubao), tukasimama katikati ya mkato kuona ubao umekaa kwa pembe gani. Ulikaa sambamba na ukingo wa meza karibu kabisa, hivyo fensi haikuhitaji kugeuzwa.

Matokeo

Karatasi za kwanza zilitofautiana kwa chini ya milimita moja kutoka juu hadi chini. Zilizofuata vilevile, isipokuwa mbili zilizofanya mkunjo. Hizo mbili kosa halikuwa la mashine. Mbao za chombo zimekaa miaka zikikumbatia mataruma (mbavu za chombo), na zinabaki na mpindo. Ukiweka ubao uliopinda dhidi ya fensi, hauna uso wa kuegemea. Baada ya hapo kila ubao ulipigwa randa uso mmoja kabla ya kupasuliwa.

Oda ilikamilika ikiwa pungufu ya meza moja, na mteja alikubali kwa sababu aliambiwa mapema. Baadaye bledi mpya nayo iligonga msumari wa shaba ambao kitambuzi kilikuwa kimeukosa. Kijana alisikia mlio umebadilika, akazima papo hapo, akakagua meno kwa simu, akaona matatu tu yameguswa. Aliendelea na bledi ileile kwa mbao za mwembe, na ya akiba ikafungwa kwa jahazi.

Nini kilifanya kazi, nini hakikufanya

Kilichoponya kazi hii kwa sehemu kubwa ni utaratibu wenyewe: mkazo, kisha mahali pa kukaa, kisha vielekezi, kisha meza na fensi. Kila hatua inategemea iliyotangulia. Ukianza na vielekezi, unavipanga kulingana na bledi ambayo haijakaa mahali pake, na ukigusa skrubu ya gurudumu baadaye umevuruga kila ulichopima. Karakana ilikuwa ikifanya kinyumenyume kwa sababu vielekezi ndivyo vinavyoonekana, viko usawa wa macho, karibu na mkono. Kutu ya beringi ya chini, kinundu cha mpira na jino lisilo na ncha vyote viko mahali pa kuinama au pa kukuza.

Ile nafuu ya dakika chache baada ya kubana beringi ndiyo iliyowagharimu zaidi. Kielekezi kinaweza kuishikilia bledi mbovu kwa muda, na kwa muda huo moto unaongezeka, chuma kinapoteza ugumu wake, na chanzo kinabaki pale kilipo. Beringi ikizunguka muda wote bila ubao kusukuma, tayari kuna kosa mahali pengine. Hiyo ni dalili ya kutafutia chanzo.

Dawa ya jiwe la kunolea nisingeisifu sana. Ilinunua siku za kazi kwenye mbao nyepesi na haikufaa kwa kazi iliyotuleta. Kitambuzi cha metali kilisaidia kwa kiasi kikubwa, lakini kile chepesi walichonunua kinakosa shaba iliyozama sana, na hilo linabaki tatizo la kila anayepasua mbao za vyombo.

Hewa ya Lamu nayo ina sehemu yake. Beringi ambayo bara ingedumu miaka hapa inaliwa na chumvi, hasa iliyo chini ya meza ambako unga wenye unyevu unakusanyika. Kijana sasa anaifagia sehemu ile kila jioni kwa brashi na kuizungusha beringi kwa kidole kabla ya kufunga. Mpira mpya wa gurudumu la chini umeagizwa, kwa kuwa huu wa sasa umeanza kupoteza ule uinuko wa katikati upande wa mbele. Hadi ufike, bledi pana kuliko milimita 16 haifungwi kwenye mashine ile, na nguzo ya juu inaendelea kupimwa kwa karatasi kila kimo kinapobadilika.